Kichwa cha mtoto kikikua haraka, usianze kwa kutafuta pesa za MRI

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miezi mitano, tunaishi Karatu. Kichwa chake kinakua kuliko mwili. Kituoni wameniambia nikapige MRI kwanza ndiyo nirudi. Tumeuza mbuzi watatu na bado hela haijatosha. Naomba unisaidie, MRI ya bei nafuu inapatikana wapi?"

Marahaba mama. Ujumbe huu niliupokea kwa simu, na mwenyewe ameniruhusu kuutumia bila kutaja jina lake wala la kituo. Kabla ya kumjibu nilimuuliza swali moja tu: uliambiwa hivyo lini? Akajibu, hii ni wiki ya sita.

Leo nataka tuzungumze kuhusu hizo wiki sita, maana si za mama huyu peke yake. Nimeshapokea wazazi kutoka Mang'ola, Endulen na Nainokanoka waliofika na picha safi ya MRI kwenye bahasha, huku mtoto aliye mgongoni alitakiwa awe ameshafanyiwa upasuaji mwezi mmoja au miwili kabla. Sina ugomvi na MRI. Ni kipimo kizuri, na nitaeleza kinaona nini ambacho vipimo vingine havioni. Lakini kwa mtoto mchanga ambaye utosi wake bado uko wazi, MRI si tiketi ya kuingilia hospitali. Ultrasaundi ya dakika 15 inatosha kuanzisha safari yake, na ultrasaundi ipo Karatu.

Tuanze na maji yenyewe. Ubongo na uti wa mgongo huelea ndani ya maji masafi kama ya chemchemi. Mtu mzima anayo kiasi cha mililita 150, ambazo hazifiki nusu ya chupa ya soda. Lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kwa siku. Yanatengenezwa katika vyumba vilivyo ndani kabisa ya ubongo, yanapita kwenye kinjia chembamba cha milimita chache, yanatoka nje kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yananyonywa na kurudi kwenye damu.

Aliyelima vitunguu Mang'ola ataelewa haraka. Maji hutoka kwenye chemchemi, hupita mferejini, hufika shambani, na shamba huyanywa. Mtu akiziba mfereji kwa udongo, upande wa juu unafurika. Mfereji ukiwa wazi lakini shamba limeshiba na halinywi tena, napo panafurika. Ukisimama kwa mbali unaona mafuriko tu, hujui tatizo liko mferejini au shambani. Kichwani ni hivyo hivyo. Kuna mtoto ambaye kinjia kimeziba, na kuna mtoto ambaye kinjia kiko wazi lakini maji hayanyonywi. Wote wawili vichwa vinakua. Sisi tumezoea kusema "kichwa kikubwa" au "kichwa kimejaa maji". Hospitalini utasikia haidrosefalasi.

Kwa nini daktari wa upasuaji anataka kujua tatizo liko wapi? Kwa sababu kuna namna mbili kuu za kuyatoa maji hayo. Ya kwanza ni kuweka mrija wa plastiki chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Ndiyo inayoitwa shanti. Ya pili ni kuingiza kamera nyembamba na kutoboa njia mpya ndani ya ubongo ili maji yapite pembeni ya pale palipoziba, bila kuacha plastiki yoyote mwilini. Njia ya pili hufanya kazi vizuri zaidi kwa baadhi ya watoto kuliko wengine, na ramani ya mfereji ndiyo inayosaidia kuchagua.

Mtoto mchanga ana jambo moja linalomlinda na kumponza kwa wakati mmoja. Mifupa ya kichwa chake haijaungana. Maji yakiongezeka, kichwa kinapanuka, na shinikizo halimuui haraka kama ambavyo lingemuua mtu mzima. Kwa hiyo mama anaona mtoto ananyonya, anacheka, hana homa. Watu wanamwambia "atakuwa na akili huyu, angalia kichwa." Huku ndani ubongo unasukumwa ukutani na kuwa mwembamba wiki hadi wiki. Ndiyo maana nahesabu wiki.

Mbale, mashariki mwa Uganda, ina hospitali ya watoto ya CURE ambayo kwa ugonjwa huu imewafundisha madaktari wa dunia nzima. Daktari Benjamin Warf kutoka Marekani alipofanya kazi pale aliunganisha upasuaji ule wa kamera na kuunguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji, ili watoto wanaoishi mbali na hospitali wasitegemee mrija maisha yao yote. Mwaka 2005 alichapisha taarifa za watoto 300. Zaidi ya nusu yao, chanzo kilikuwa maambukizi, na wengi waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2017 timu ya Mbale ilichapisha utafiti mwingine wa watoto 100 wa chini ya miezi sita, ikilinganisha shanti na njia ya kamera. Baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti kubwa katika ukuaji wa akili kati ya makundi hayo mawili. Kilichoendana zaidi na maendeleo ya mtoto ni ukubwa wa ubongo wenyewe, kuliko wingi wa maji yaliyobaki kichwani. Mimi nikisoma hapo naona jambo moja la kumwambia mzazi: usihangaike sana na njia gani, hangaika na lini.

Na kama maambukizi ndiyo chanzo kikubwa, basi mtoto wa siku kumi mwenye homa, anayekataa ziwa au aliyelegea ni mgonjwa wa hospitali leo, si kesho kukicha. Homa ya uti wa mgongo iliyotibiwa nusu inaweza kumwacha hai, kisha kichwa kikaanza kukua miezi miwili baadaye wakati kila mtu ameshasahau. Kifua kikuu nacho hupanda ubongoni na kuziba njia za maji, kwa watoto na kwa wakubwa. Wapo pia wanaozaliwa na mgongo wazi, ambao wengi wao hupata maji kichwani baadaye hata kama kidonda cha mgongoni kimefungwa vizuri. Mzazi wa mtoto wa mgongo wazi asiambiwe "mmemaliza" baada ya upasuaji wa mgongo. Kichwa kiendelee kupimwa.

Kuna chanzo kingine ambacho majirani zangu wa Karatu na Mbulu hawapendi nikitaje, maana kitimoto ni kitamu. Minyoo ya tegu wa nguruwe. Utafiti uliofanyika wilaya ya Mbulu na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta uvimbe wa lava kwenye ndimi za nguruwe takriban 17 katika kila 100 waliochunguzwa. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Lakini hatari ya ubongo inatoka kwenye mayai yanayopita kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kufika mdomoni kwa mikono, maji au mboga. Anaweza kuyapata hata asiyekula nguruwe kabisa. Mayai hayo yakishaingia mwilini, lava hufika ubongoni na kujenga vifuko vya maji. Kifuko kikikaa kwenye njia ya maji ya ubongo, mtu mzima mwenye afya anaweza kuumwa kichwa vibaya na kutapika ghafla anapogeuza au kuinamisha kichwa. Hapa CT inaweza kupita bila kuona kitu, kwa sababu maji ya kifuko na maji ya ubongo yanafanana kwenye picha. MRI hukiona vizuri zaidi. Mgonjwa huyu ndiye ningempigania apate MRI wiki hii.

Turudi kwa mtoto. Chukua futi ya fundi cherehani, ile isiyovutika. Izungushe juu kidogo ya nyusi na masikio, ipite kisogoni pale panapotokeza zaidi. Pima mara tatu, andika namba kubwa kuliko zote. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa kawaida huzaliwa na mzunguko wa kichwa wa sentimita 34 na nusu hivi, akifika miezi sita ni kama 43, na mwaka mmoja 46. Wa kike hupungua kama sentimita moja. Miezi mitatu ya kwanza kichwa hukua kiasi cha sentimita mbili kwa mwezi, inayofuata mitatu sentimita moja kwa mwezi, baada ya hapo nusu sentimita. Kipimo kimoja hakimalizi neno. Wapo watoto wenye vichwa vikubwa vya kurithi, na hapo huwa naomba nimpime na baba pia, jambo linalowachekesha sana akina mama waliopanga foleni. Kinachonitia hofu ni kichwa kinachokimbia: sentimita mbili ndani ya wiki mbili ni sababu ya kufunga safari.

Pamoja na namba, tazama utosi kama umevimba na kukakamaa mtoto akiwa ametulia na umemkalisha. Tazama mishipa ya kichwani kama imejitokeza. Tazama macho kama yanaelekea chini, weupe ukionekana juu ya mboni, mfano wa jua linalozama. Kutapika, kulia kusikoisha, usingizi uliozidi na degedege havisubiri asubuhi.

Nimeona kadi nyingi za kliniki zenye uzito wa kila mwezi uliojazwa kwa uaminifu, na hakuna hata namba moja ya kichwa. Nikiulizwa kitu kimoja cha kununua kwa zahanati zote za Karatu na Ngorongoro, ningetaja futi kabla ya mashine yoyote inayotumia umeme. Wenzangu wa radiolojia wananicheka ninaposema hivi. Wacha wacheke, lakini wao ndio wanaoletewa watoto waliochelewa.

Kipimo kikionyesha hatari, kinachofuata ni ultrasaundi kupitia utosi. Ni teknolojia ile ile inayopima wajawazito. Haina mionzi, haihitaji mtoto alazwe usingizi, na inaonyesha vyumba vya maji vimepanuka kiasi gani. Utosi ukishafunga, kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, dirisha hilo limefungwa na tunahitaji CT au MRI. Kabla ya hapo, daktari wa upasuaji wa ubongo mara nyingi anaweza kumpokea mtoto kwa ultrasaundi na historia, akaongeza picha nyingine mwenyewe kama anaihitaji, hospitalini kwake, mtoto akiwa tayari kitandani. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi na kubwa sana kwa mtoto: MRI inaagizwa na yule atakayeitumia kufanya uamuzi, haiagizwi na yule anayetaka kumwondoa mgonjwa mlangoni.

Basi MRI yenyewe inafanya nini? Ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa, bila mionzi. Inaweza kukata picha nyembamba sana zinazoonyesha kinjia cha maji na hata utando mwembamba ulioziba. Lakini kinachonivutia zaidi ni uwezo wake wa kupima mwendo. Maji ya ubongo hayatiririki upande mmoja kama mto. Kila moyo unapopiga yanasukumwa mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo. Mashine hufuata mapigo ya moyo, inachukua picha katika kila hatua ya pigo, kisha inaziunganisha kama filamu fupi. Maji yanayokwenda upande mmoja yanaonekana meupe, yanayorudi yanaonekana meusi, na mahali pasipo na mwendo pamekaa kijivu. Daktari anautazama mfereji na kuona kama maji yanapita.

Hilo lina faida kubwa kwa mtoto aliyetobolewa njia kwa kamera miaka michache iliyopita, na sasa ameanza tena kuumwa kichwa na kushuka darasani. Je, tundu bado liko wazi? Picha ya mwendo inajibu bila kumpasua. Lina faida kwa mgonjwa ambaye sehemu ya nyuma ya ubongo imeshuka na kuziba tundu la chini ya fuvu, hali ambayo huwapata wengi waliozaliwa na mgongo wazi, na wakati mwingine hutengeneza shimo la maji ndani ya uti wa mgongo. Na lina nafasi yake kwa wazee. Babu anayetembea kwa hatua fupi kama miguu imegandishwa ardhini, anayejikojolea na kusahau, si lazima awe amezeeka tu. Kuna aina ya maji ya kichwani ya uzeeni ambayo Hakim na Adams waliieleza mwaka 1965, na baadhi ya wagonjwa wakiwekewa shanti hurudi kutembea. Hata hivyo kwa wazee hawa namba ya mwendo wa maji peke yake haiamui. Inabadilika kwa mashine, kwa mapigo ya moyo, kwa mgonjwa. Daktari mzuri atatoa maji kiasi mgongoni, mililita 30 hadi 50, kisha atamtazama babu akitembea kabla na baada.

Ukipangiwa MRI, jua mambo haya mapema. Kipimo huchukua kama nusu saa au zaidi bila kujitikisa, kwa hiyo mtoto mdogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi na anatakiwa awe hajala kwa saa utakazoelekezwa. Kwa aliye na shanti, uliza kama ipo namna ya haraka ya dakika chache, maana kuangalia ukubwa wa vyumba tu haihitaji picha zote. Shanti yenyewe haimzuii mtu kuingia. Zipo baadhi zenye valvu inayorekebishwa kwa sumaku kutoka nje, na hizo mashine inaweza kuzibadilisha, hivyo lazima zikaguliwe baada ya kipimo. Chuma chote kinabaki nje. Kwa ndugu zangu Wamasai, shanga nyingi zimetungwa kwa waya, na bangili za mguuni husahaulika. Hirizi nayo ivuliwe, maana sijui ndani yake mna nini na sumaku haitauliza. Kama ni vigumu kuvua mbele ya wageni, mwambie muuguzi akupe chumba. Ni haki yako.

Sasa habari za mashine, maana magazeti yamekuwa yakizitangaza. Oktoba 2021 serikali ilizindua matumizi ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Pale Karatu mjini, hospitali ya FAME, iliyoanza kupokea wagonjwa 2008, ina CT yake, na madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania huja kwa awamu kushirikiana na wenyeji. Mtu wa Karatu leo ana mengi kuliko alivyokuwa navyo nilipokuwa mwanafunzi. MRI bado ni ya kwenda mjini, na ni laki kadhaa.

Habari iliyonifurahisha kuliko zote ilitoka Mbarara, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wakiongozwa na Johnes Obungoloch na wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha mashine ya MRI kwa mikono yao, kipande kwa kipande, palepale chuoni. Sumaku yake ina nguvu kama sehemu moja ya 30 ya mashine ya kawaida. Haihitaji kupozwa kwa gesi ya gharama. Picha zake ni za ukungu, na wenyewe wanajua. Walichouliza ni swali la kimaskini na la busara: picha ya mtoto mwenye maji kichwani inatakiwa kuwa nzuri kiasi gani ili daktari aamue? Madaktari wa upasuaji walioonyeshwa picha zilizopunguzwa ubora kwa makusudi walisema nyingi bado zinatosha kupanga matibabu. Na walipoonyeshwa picha zilizosafishwa kwa akili bandia, likatokea onyo: kompyuta inaweza kung'arisha picha kwa kuchora kitu ambacho hakimo kichwani. Afadhali ukungu wa kweli.

Kwa maoni yangu mashine ya aina hiyo, ikikomaa, ndiyo itakayofaa Karatu, kuliko kusubiri mashine kubwa ambayo umeme ukikatika wiki moja inageuka samani. Lakini kupima mwendo wa maji, ile filamu niliyoieleza, kwa sasa tutaendelea kukitegemea kwenye sumaku kubwa. Hilo ni sawa. Wanaokihitaji ni wachache, na wakichujwa vizuri foleni itawafaa wao.

Tatizo la barabara sitalikwepa. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapila kunywa kikombe. Watu walibeba wagonjwa kwenye barabara ile ile tunayosema haipitiki. Sisemi hili kuwasimanga, nami nilikuwa na jamaa walioenda. Nasema kwamba mtu akiamini huko aendako atahudumiwa, hupata nauli. Anayerudishwa mlangoni kwa karatasi iliyoandikwa "MRI" bila maelezo hujifunza kutoamini. Na akirudi kijijini, wapo watakaomwambia mtoto amerogwa, na wapo watakaotaka kumchanja au kumchoma moto utosini. Nimetibu vidonda hivyo.

Kuhusu pesa: sera inasema watoto wa chini ya miaka mitano wanatibiwa bila malipo katika vituo vya umma, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mnajua wenyewe umbali uliopo kati ya maneno hayo na dirisha la malipo. Mkiwa hospitali ya umma, kabla ya kuuza mnyama wa nne, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Kila hospitali kubwa inayo, na ndiyo yenye utaratibu wa msamaha. Ulizia pia chama cha wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Wale wazazi wanajua ni nani anafanya upasuaji mwezi huu kuliko hata sisi madaktari.

Familia zilizohamia Msomera, Handeni, tangu Juni 2022 zina jambo la ziada. Mtoto aliyewekewa shanti Arusha au Moshi sasa yuko mkoa wa Tanga. Beba karatasi ya upasuaji, aina ya shanti na picha ya mwisho, hata kama ni kuukuu. Picha ya mwisho akiwa mzima ni dhahabu: bila hiyo, daktari mpya hawezi kujua kama vyumba vya maji vimepanuka sasa au vilikuwa hivyo siku zote. Iweke kwenye simu na kwa jamaa mwingine. Na wote wenye shanti mjue kwamba inaziba, wakati mwingine baada ya miaka. Kichwa kuuma asubuhi, kutapika, usingizi usio wa kawaida au homa na wekundu kwenye njia ya mrija ni safari ya siku hiyo hiyo.

Neno kwa wanaopanga ujauzito. Vidonge vya foliki asidi, miligramu 0.4 kila siku, vianze kabla ya mimba, kwa sababu uti wa mgongo hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuongeza foliki asidi kwenye vyakula, na Tanzania ina kanuni za kurutubisha unga tangu 2011. Ila unga huo ni wa viwanda vikubwa. Mahindi yetu ya Karatu tunayapeleka mashine ya kijijini kwenye debe, na hakuna anayeweka kitu.

Nimemjibu mama wa Karatu kwamba asitafute MRI. Nilimwomba ampime kwa futi, akaniletea sentimita 47, ambayo kwa mvulana wa miezi mitano ni kubwa mno, wastani ni kama 42 na nusu. Kesho yake alipigwa ultrasaundi palepale Karatu. Vyumba vya maji vimepanuka. Rufaa imeandikwa, daktari wa upasuaji amepigiwa simu na amesema waje kama walivyo. Pesa ya mbuzi watatu imelipa nauli na chakula cha mama na bibi wa mtoto, na nyingine imebaki.